Mzazi, unakijua kitufe hiki kwenye gari la mwanao?

Kwenye magari mengi ya mwendo kasi yanayoingia kutoka Japan, yakiwamo Toyota Mark X, Crown, Subaru Impreza na Nissan Skyline, kuna kitufe kidogo karibu na goti la dereva au katikati ya dashibodi. Kina mchoro wa gari lenye mistari miwili iliyopinda nyuma yake, na pembeni yake neno OFF.

Wazazi wengi wameendesha magari hayo kwa miaka bila kujua kitufe hicho kina kazi gani. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na gari kimeandikwa Kijapani, na aliyeuza gari alionyesha redio, kiyoyozi na kamera ya nyuma, basi.

Vijana wao wanakijua. Wamekiona kwenye video za intaneti, wameambiwa na wenzao, na wengine wamekwisha kukibonyeza usiku barabara ikiwa tupu.

Kitufe hicho huzima mfumo wa kielektroniki unaolizuia gari kuteleza na kujizungusha. Wataalamu wa usalama barabarani huutaja mfumo huo kuwa miongoni mwa vifaa vilivyookoa watu wengi zaidi ndani ya magari tangu mkanda wa kiti.

Hili si jambo la mafundi wa gereji peke yao. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilieleza kuwa watu milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watu wenye umri kati ya miaka 5 na 29. Kwa maneno mengine, katika umri ambao mtoto anatoka shule, anapata leseni na kuanza kuazima gari la nyumbani, barabara ni hatari kuliko ugonjwa wowote mmoja.

Mfumo unavyofanya kazi

Ndani ya gari la kisasa kuna mifumo mitatu inayosaidiana.

Wa kwanza ni ABS, unaozuia matairi yasijifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo huu mwaka 1978.

Wa pili huzuia matairi yanayosukuma gari yasizunguke bure dereva anapokanyaga mafuta, hasa kwenye tope, mchanga au lami iliyolowa.

Wa tatu ni huu wa uthabiti. Huu hulinda gari lisitoke kwenye njia yake linapokata kona au linapokwepa kitu ghafla. Toyota huuita VSC, Subaru na Nissan huuita VDC, Mazda na BMW huuita DSC, Honda huuita VSA na Mercedes-Benz huuita ESP. Majina ni mengi, kazi ni ileile.

Chukua mfano wa dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mvua ya kwanza imeanza kunyesha, lami ina vumbi na mafuta yaliyomwagika kwa miezi, na yote yamegeuka utelezi. Anaingia kwenye kona kwa kasi kidogo kuliko inavyotakiwa, na sehemu ya nyuma ya gari inaanza kukimbilia nje.

Kabla hajashtuka, kompyuta imeshajua. Kuna sensa kwenye kila tairi inayopima mzunguko wake, nyingine kwenye usukani inayopima dereva anataka kwenda wapi, na nyingine katikati ya gari inayopima kama gari linajizungusha. Kwa mujibu wa Bosch, kompyuta hulinganisha taarifa hizo mara 25 kwa sekunde.

Ikigundua kuwa usukani unasema kushoto na gari linakwenda kwingine, hukanyaga breki ya tairi moja tu, ile inayoweza kulirudisha gari kwenye njia, na wakati huohuo hupunguza nguvu ya injini. Dereva husikia mtikisiko mdogo, huona taa ya njano ikiwaka na kuzimika kwenye dashibodi, kisha safari inaendelea. Wengi hawajui hata kwamba wameponea.

Kumbuka jambo moja: hakuna dereva, hata awe bingwa wa dunia, anayeweza kufanya kazi hiyo kwa mguu wake. Gari lina pedali moja ya breki, na ukiikanyaga inashika matairi yote. Kompyuta peke yake ndiyo yenye uwezo wa kushika tairi moja na kuyaacha mengine.

Ulivyoanza hadi kuwa lazima

Mfumo huu ulianza kuuzwa mwaka 1995 kwenye gari la kifahari la Mercedes-Benz, ukiwa umetengenezwa kwa ushirikiano na Bosch. Wakati huo ulikuwa kitu cha matajiri.

Mambo yalibadilika Oktoba 1997. Waandishi wa jarida la magari la Sweden, Teknikens Värld, walilifanyia majaribio gari dogo jipya la Mercedes-Benz A-Class. Jaribio lilikuwa la kukwepa ghafla, kama vile mnyama amekatiza barabarani, kwa mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa. Gari likapinduka.

Habari hiyo ilizunguka dunia. Kampuni ilisimamisha kwa muda kuwakabidhi wateja magari hayo, ikayafanyia marekebisho na kuweka mfumo wa uthabiti kwenye kila moja. Tangu hapo teknolojia ya magari ya bei mbaya ikaanza kushuka hadi kwenye magari ya familia za kawaida.

Nchini Marekani, mfumo huo umekuwa lazima kwa magari yote mapya madogo kuanzia yale ya mwaka 2012. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014, na Japan nayo ilifanya hivyo kwa awamu kuanzia mwaka 2012.

Sababu ilikuwa takwimu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kuwa mfumo huo hupunguza ajali za gari kuanguka au kugonga lenyewe bila gari jingine kwa asilimia 34 kwa magari madogo, na asilimia 59 kwa magari ya juu kama yale ya familia yenye viti vingi. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilibaini kuwa uwezekano wa gari kupata ajali ya kuua ikiwa peke yake hupungua kwa karibu nusu.

Kijana anayebonyeza kitufe cha OFF anaukataa ulinzi huo kwa kidole kimoja.

Kwa nini wanauzima?

Sababu ya kwanza ni drifti, ule mchezo wa kulifanya gari liteleze kwa makusudi huku matairi yakitoa moshi. Mfumo ukiwa umewashwa, gari linakataa. Kila linapotaka kuteleza, kompyuta inapunguza nguvu na kushika breki. Kwa anayetaka kuonyesha ufundi, mfumo unaonekana ni kero.

Sababu ya pili ni michezo ya kompyuta. Katika michezo maarufu ya mbio za magari kama Gran Turismo na Forza, mchezaji anaweza kuzima misaada ya dereva. Kwenye Forza, anayeizima hulipwa zawadi zaidi akimaliza mbio. Mtoto aliyecheza hivyo tangu akiwa na miaka 10 anakua akiamini kuwa mfumo huo ni wa wanaojifunza, na kwamba fundi halisi huuzima. Kwenye mchezo huohuo, akigonga ukuta anabonyeza kitufe na gari linarudi nyuma likiwa zima.

Sababu ya tatu ni wenzake. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple nchini Marekani walichapisha utafiti wao uliohusisha watu 306 wa rika tatu: wenye miaka 13 hadi 16, vijana wa miaka 18 hadi 22, na watu wazima wa miaka 24 na kuendelea. Kila mmoja alicheza mchezo wa gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine mbele ya wenzao.

Watu wazima walicheza karibu sawasawa hata walipotazamwa. Walio chini yao walijiingiza kwenye hatari zaidi wenzao walipokuwepo, na wadogo ndio walioathirika zaidi.

Wanasayansi wa ubongo wanaeleza kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kumzuia mtu kutenda bila kufikiri, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Leseni nchini Tanzania na Kenya hutolewa kuanzia umri wa miaka 18. Kuna miaka kadhaa hapo ambayo kijana ana ruhusa ya kisheria ya kuendesha, lakini breki za kichwani bado hazijakaza.

Ndiyo maana mtoto mtulivu anayeendesha vizuri akiwa na mama yake anaweza kuwa mtu mwingine kabisa akiwa na marafiki watatu na simu inayorekodi.

Gari la spoti ni tofauti

Kuzima mfumo kwenye gari dogo lenye injini ndogo inayosukuma matairi ya mbele ni kosa. Kuuzima kwenye gari la spoti ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu mbili.

Kwanza, magari mengi ya aina hii husukumwa na matairi ya nyuma na yana injini zenye nguvu nyingi. Tairi lina uwezo wa kushika lami kwa kiasi fulani tu. Dereva akikanyaga mafuta ghafla kwenye kona, matairi ya nyuma yanatumia uwezo wote kusukuma gari, na hakuna kinachobaki cha kulizuia lisiende pembeni. Nyuma inafyatuka.

Pili, kinachofuata ni silika ya binadamu. Dereva akiogopa huondoa mguu kwenye mafuta ghafla. Uzito wa gari unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi na inazidi kuyumba. Anazungusha usukani upande wa pili kwa nguvu. Matairi yanashika lami kwa ghafla, na gari linarushwa upande mwingine kwa nguvu kuliko mwanzo. Yote haya hutokea ndani ya sekunde chache.

Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hukata mita 28 kila sekunde. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika kulishikilia gari kwenye kona ileile huongezeka mara nne. Kona aliyoipita salama akiwa na kilomita 50 si kona ileile akiwa na 100.

Mwili unavyoumia

Hapa ndipo suala linapokuwa la afya moja kwa moja. Gari lililopoteza uthabiti mara nyingi haligongi kwa mbele. Linakwenda ubavu, na linakutana na mti, nguzo ya umeme au gari linalokuja likiwa limeelekeza mlango.

Mbele ya gari kuna boneti, injini na chuma kilichotengenezwa kujikunja ili kupunguza nguvu ya mgongano kabla haijamfikia mtu. Ubavuni kuna mlango na kioo. Sentimita chache tu hutenganisha bega la abiria na nguzo.

Majeraha ya ajali za aina hiyo huwa ya kichwa, shingo, mbavu, mapafu na nyonga. Katika magari yetu, usukani uko kulia. Gari likigongwa upande wa dereva, ini ambalo liko upande wa kulia wa tumbo liko hatarini. Likigongwa upande wa abiria wa mbele, wengu ulioko kushoto ndio hupasuka kirahisi. Viungo hivyo viwili vina damu nyingi, na mtu anaweza kuonekana mzima kwa nje huku akivuja damu ndani ya tumbo.

Kwa sababu hiyo, kijana aliyetoka kwenye ajali ya ubavu akisema "niko sawa" bado anapaswa kupelekwa hospitali. Maumivu ya tumbo au bega, kizunguzungu, kuweweseka, jasho la baridi na mapigo ya moyo kwenda mbio ni dalili za kumkimbiza bila kusubiri.

Funzo la nyota wa filamu

Vijana wengi wanaopenda magari ya mwendo kasi wanamfahamu mwigizaji Paul Walker wa filamu za Fast & Furious. Alifariki dunia Novemba 30, 2013 huko Santa Clarita, California, akiwa na miaka 40. Hakuwa anaigiza. Alikuwa ametoka kwenye hafla ya hisani ya kuwachangia waathirika wa kimbunga nchini Ufilipino, na alikuwa abiria kwenye gari la Porsche Carrera GT la mwaka 2005 lililoendeshwa na rafiki yake, Roger Rodas. Wote wawili walifariki.

Gari hilo lilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 600 na halikutengenezwa na mfumo wa uthabiti. Wachunguzi walisema lilikuwa kwenye mwendo wa kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa mahali ambapo mwisho ulikuwa takriban kilomita 72, na matairi yake yalikuwa na zaidi ya miaka tisa. Walihitimisha kuwa chanzo ni mwendo usio salama.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba mfumo ungewaokoa kwa mwendo ule. Lakini jambo moja halina ubishi: Rodas hakuwa mwanafunzi. Alikuwa ameshiriki mashindano ya mbio za magari. Mtaani, kwenye lami ya kawaida yenye miti na nguzo, uzoefu huo haukutosha.

Maneno utakayosikia kutoka kwa mwanao

Mzazi anayeanzisha mazungumzo haya ajiandae kwa hoja. Vijana wana majibu, na mengine yanasikika kama ya kitaalamu.

"Dereva mzuri hauhitaji." Dereva mzuri ndiye anayejua hawezi kushika breki ya tairi moja. Madereva wa mashindano huendesha bila mfumo huo wakiwa kwenye njia iliyofungwa. Safari Rally ya Kenya, iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, ni mfano mzuri wa kumwonyesha: kofia ngumu, nondo za chuma ndani ya gari zinazozuia paa lisibonyee, mikanda ya kufunga mabega yote mawili na madaktari wakiwa tayari. Mwanao anapozima mfumo, ni vipi kati ya hivyo anavyo?

"Gari langu linavuta matairi manne, haliwezi kuteleza." Kuvuta matairi manne husaidia gari kuondoka. Hakusaidii kusimama, na hakuondoi nguvu inayolisukuma nje ya kona. Subaru inateleza kama gari jingine lolote, tofauti ni kwamba huenda dereva wake akachelewa kugundua.

"Mfumo unaminya nguvu ya injini." Ukiendesha kawaida haugusi kitu. Unapunguza nguvu pale tu matairi yanapoanza kushindwa kushika. Kijana anayelalamika kwamba unamminya kila mara anakueleza, bila kujua, namna anavyoendesha.

"Nazima dakika moja tu." Ajali haichukui dakika.

Kuna wakati wa kuuzima

Watengenezaji hawakuweka kitufe hicho bure. Gari likinasa kwenye tope au mchanga, mfumo unaweza kulizuia lisitoke, kwa sababu kila tairi linapozunguka bure kompyuta hukata nguvu. Hapo inaruhusiwa kuzima, kulitoa gari polepole, kisha kuwasha tena kabla ya kuingia barabarani.

Kwa Toyota nyingi, kubonyeza mara moja huzima udhibiti wa matairi kuzunguka bure tu. Kushikilia kitufe kwa zaidi ya sekunde tatu gari likiwa limesimama huzima na ule wa uthabiti. Ni vizuri mzazi na kijana wote wajue tofauti hiyo. ABS yenyewe, kwa magari mengi, huendelea kufanya kazi.

Namna ya kukagua gari lako

Kazi hii haihitaji fundi na haichukui dakika tano.

Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Taa ya njano yenye mchoro wa gari na mistari iliyopinda inapaswa kuwaka, na baada ya injini kuwaka izimike ndani ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini. Wapo wanaochomoa balbu ili kuficha tatizo wakati wa kuuza.

Taa ikiwaka na kuzimika haraka haraka ukiwa safarini, mfumo unafanya kazi na unakuambia punguza mwendo. Ikiwaka moja kwa moja, kuna hitilafu. Ikiwa na neno OFF, kuna mtu ameuzima.

Magari mengi hurudisha mfumo yakizimwa na kuwashwa tena. Taa ikibaki hata baada ya hapo, mpeleke fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Mara nyingi tatizo ni sensa ya tairi iliyochafuka au kukatika waya, na sensa hizo ndizo zinazotumiwa pia na ABS. Kwa hiyo taa hiyo ikiwaka, huenda umepoteza vyote viwili.

Usidhani kila gari linao. Magari mengi ya Japan ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 hayana, au uliwekwa kwa waliolipia zaidi. Unapomnunulia kijana gari, uliza hili kabla ya kuuliza rangi na rimu.

Kisha angalia matairi. Mfumo huu hufanya kazi kupitia tairi. Tairi likiwa kipara, kompyuta haina cha kushikia. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye miaka kumi linaweza kuonekana lina meno mazuri huku mpira wake umekauka.

Mazungumzo ya nyumbani

Kumnyang'anya kijana ufunguo bila maelezo kunamfundisha kuficha. Kinachosaidia zaidi ni makubaliano yanayoeleweka kabla hajapewa gari.

Mwombe akueleze mwenyewe kitufe hicho kinafanya nini. Vijana wanapenda kufundisha, na utajua anaelewa kiasi gani. Kisha kubalianeni: mfumo hauzimwi barabarani, na ukizimwa gari halitoki nyumbani kwa muda mtakaoupanga. Adhabu iwe ndogo ya kutekelezeka kuliko kubwa ya maneno.

Punguza idadi ya marafiki anaowabeba katika miezi ya mwanzo, hasa usiku. Ule utafiti wa Temple ndio msingi wa ushauri huu.

Baadhi ya watengenezaji wamempa mzazi uwezo zaidi. Ford ina ufunguo maalumu unaoitwa MyKey, na Chevrolet ina Teen Driver. Mzazi akiuweka ufunguo wa kijana kwenye mpangilio huo, anaweza kuweka kikomo cha mwendo au tahadhari yake na kufanya mifumo ya usalama isizimike. Ule wa Chevrolet humpa mzazi ripoti ya mwendo wa juu aliofika kijana na mara ngapi mfumo wa uthabiti ulilazimika kuingilia kati. Magari mengi yetu ya mtumba hayana huduma hiyo, lakini kama unanunua jipya, iulize.

Kama kijana ana kiu ya kweli ya mbio, usiidharau. Mtafutie klabu ya mchezo wa magari inayotambulika, sehemu yenye njia iliyofungwa, mwalimu na kofia ngumu. Atajifunza gari linavyoteleza mahali ambapo kosa lake halitamkuta mwendesha bodaboda au mtoto anayetoka dukani.

Soma pia bima yako. Ni kawaida kwa mikataba ya bima ya magari kutolipa hasara iliyotokana na gari kutumika kwenye mashindano ya mwendo. Familia inaweza kubaki na gari lililopondeka, madai ya mtu mwingine na bili ya hospitali kwa pamoja.

Leo jioni, kabla mtu hajatoka na gari, ingia ndani, fungua swichi na utazame dashibodi. Tafuta ile taa ya njano. Mwite mwanao, muulize anaijua. Jibu lake litakuonyesha mazungumzo yenu yaanzie wapi.